Ngazi ya Pili

Grobnik, saa tatu asubuhi. Upepo wa bura unashuka mlimani
ukitikisa mabati ya vibanda vya mafundi.
Tairi mbili zimelala ndani ya blanketi za umeme
kama pacha waliozaliwa kabla ya siku zao.
Nyuzi themanini. Baba anazigusa kwa kiganja hata hivyo,
haamini kipimajoto.
Miaka thelathini na minne alichomelea meli kule Rijeka
akilijua joto la chuma kwa rangi yake,
na siku yadi ilipofunga lango walimpa bahasha,
na ile bahasha ndiyo hii hapa:
nyekundu, haina taa, haina namba,
haina ruhusa hata ya kwenda dukani kununua mkate.
Nguvu za farasi mia mbili na kumi.
"Umenunua kaburi," alisema shangazi Štefica.
"Nimenunua Jumamosi," akamjibu.

Kazi yangu mimi ni kompyuta.
Chini ya kiti kuna kisanduku cha ukubwa wa kiberiti
kinachojua pikipiki imelala kiasi gani
na gurudumu la nyuma linataka kumpita nani.
Mara mia kwa sekunde kinauliza, mara mia kinajibiwa,
na tairi likianza utundu kinapunguza moto,
chembe tu,
kama mama amfinyavyo mtoto mbele ya wageni
bila kuacha kutabasamu.
Ngazi ni nane. Ya nane ni ya mvua na waoga.
Sifuri ni ya Baba.

"Zima vyote, Jagoda.
Enzi zetu kisanduku kilikuwa hiki," na anajipiga kalio.
Na mtulinga uliovunjika mara tatu,
mara mbili kwenye kona ileile ya kumi,
huo ulikuwa enzi za nani? Sijamuuliza.
Husemwa ajali haina kinga.
Aliyesema hakuwa na baba wa miaka sitini na mitatu
anayevaa ngozi iliyombana tumbo na kuomba asishikwe.

Nikabonyeza. Saba. Sita. Tano, nne, tatu.
Kwenye mbili kidole kikagoma.
"Tayari?"
"Tayari. Sifuri."
Kioo kilisema mbili, kwa kijani, waziwazi,
lakini Baba hasomi bila miwani
na miwani haiingii ndani ya helmeti.

Akaondoka. Gia zikaingia bila klachi, ta, ta, ta,
sauti ikapasuka, ikaenda nyuma ya kilima,
ikanyamaza kwenye breki
(hapo ndipo mtu huhesabu),
ikarudi.
Mizunguko tisa nilisimama ukutani na saa mkononi
na meno yangu yakiuma kwa baridi, nadhani ni baridi.

Alipovua helmeti nywele zilikuwa zimelowa kama za mtoto.
"Leo," akasema, akatafuta pumzi, "leo nimeendesha mimi."

Nikafungua mistari. Mzunguko wa saba, kona ya kumi:
hapa mkono wake umefungua mafuta yote,
na hapa, kwa robo ya sekunde,
kuna mkono mwingine.
Mstari mwekundu unainama, unasita, unanyooka tena.
Hakusikia kitu. Aliona kona imemtii.

Nilipokuwa na miaka mitano, nyuma ya ghorofa letu,
alikimbia nami ameshika kiti cha baiskeli yangu,
"Nimekushika, nimekushika, nimekushika,"
na sauti yake ikizidi kuwa ndogo.

"Nionyeshe basi," anasema, anapapasa mfuko akitafuta miwani.
Nafunga kompyuta. Betri, namwambia. Imekwisha.
"Lakini muda?"
"Dakika moja, sekunde thelathini na nane."
"Na sifuri!" anamwambia Božo wa kibanda cha pili,
anamwambia kijana wa matairi,
angemwambia hata muuza soseji, ila bura imeng'oa blanketi moja
na inaliburuta lamini nzima ya maegesho,
na Baba, na viatu vyake vya plastiki na magoti ya mbao,
analikimbiza huku anacheka, anakaribia kuanguka,
haanguki.