Hakuwa Hai Katika Jumuiya

Walinichagua katibu kwa sababu ya mwandiko.
Miaka tisa naandika: tulianza saa kumi na mbili na robo,
Injili ilisomwa na mama Prisila, waliohudhuria kumi na saba,
tegemeza elfu kumi na nne mia tano,
mengineyo: hakuna.

Juni, ukungu umekaa Kibosho kama mgeni asiyeaga,
parokia ikaomba barua kuhusu Bonaventura wa Gaudensia,
aliyekuwa akipakua mizigo kule Mbauda, Arusha,
akarudi kwa mama yake amekonda,
akalala miezi kumi na mmoja, akafa.
Kadi yake ya zaka ilikuwa nyeupe.
Mwenyekiti akasema, we andika ukweli.
Nikaandika kwa wino wa buluu, herufi zimelala vizuri mstarini:
Marehemu hakuwa hai katika jumuiya.

Hakuna aliyeshtuka.
Sentensi ilizunguka meza, ikapigwa muhuri.

Walimzika baba zake wadogo, kati ya kahawa na mfereji.
Zaburi aliisoma mtoto wa darasa la sita,
mstari mmoja akaurudia mara mbili.
Kwaya haikwenda.
Nilikuwa nyumbani nachambua maharage, nikasikia majembe.

Gaudensia hakuja tena kusali.
Hayupo, H. Hayupo, H.
Safu yake ikasimama daftarini kama ngazi isiyoegemea kitu.
Kwanza tulisema ana majonzi.
Baadaye tukasema ana kiburi.
Mwezi wa nne tulijadili zamu yake ya kufagia kanisa, apewe nani.

Nikaenda peke yangu,
na sukari kilo moja, na jani la masale kama walivyotulea wazee,
na daftari, kwa mazoea tu.
"Umekuja kuandika nini?"
Nikalisukuma chini ya kanga.

Alikuwa akikatakata mgomba wa ng'ombe.
Hakuniangalia. Alisema na panga.

"Miguu yake ilikuwa baridi. Napasha jiwe, nalifunga kitenge,
namwekea. Linapoa. Napasha lingine.
Jumamosi mkiwa hapo kwa Kimario, nyuma ya uzio,
ananiambia, mama, fungua dirisha.
Nasema baridi hii, mwanangu? Anasema fungua.
Mkiimba anaitikia besi. Midomo tu, pumzi haitoshi.
Mzee Epimaki akikosea kuanzisha, anacheka mpaka akohoe.
Mkimaliza maombi ananiuliza:
Leo wamemtaja nani?"

Akanyamaza.
Majibu ninayo, ya misibani,
yamepangwa mdomoni kama vikombe vya wageni.
Sikutoa hata kimoja.
Panga likaendelea, ng'ombe akatafuna,
ukungu ukaingia zizini ukakaa na sisi.
Muda niliokaa siujui. Haukuandikwa popote.

Kisha akauliza, "Hilo jani umemletea nani?"
Nikasema, wewe.
"Siyo mimi uliyeniandika."

Tukashuka kihambani. Goti lake linauma,
kila hatua tano anashika mti wa kahawa.
Mara mbili nikatangulia, mara mbili nikajikuta peke yangu,
nikarudi.
Hata mwendo wa mtu unajifunza.
Kaburini nililaza jani, nikafungua mdomo nianze sala,
akanishika mkono: "Subiri kwanza."
Maji ya mfereji yakapita. Tukasubiri.
Nini, sikumuuliza.

Jumapili hakuja. Wala iliyofuata.
Jumamosi zamu ilikuwa kwa Kimario.
Nikaomba wafungue dirisha; mama Prisila akajifunika shuka, akaguna.
Ilipofika maombi nikamtaja Bonaventura,
kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa chumba kile.

Ng'ambo ya masale panga lilikuwa likikata mgomba.
Likanyamaza.
Tukangoja, watu kumi na saba, chai inapoa.
Kisha likaendelea.

Kwenye safu yake, siku hiyo, sikuandika kitu.