Utambi Mmoja

Saa tatu usiku, Ruwi, na joto halijaenda kulala.
Dada yangu Thuwaiba ananiambia, Vaa viatu,
kuna Mchina anavuta tambi, watu wanapanga foleni kumtazama.
Nimekuja kwa siku kumi. Leo ni ya saba.
Bado hatujaitaja nyumba ya Wete.

Mlangoni baridi ya kiyoyozi inanishika shingo.
Shihabu, mhudumu, mtu wa Kerala,
anatupa meza ya mbele, palepale unga unaporuka.
Mpishi ana kofia ya sala. Jina limeshonwa kifuani: Ma Delong.
Mshono wa mashine, uzi umelegea kwenye herufi ya mwisho.
Sisemi kitu. Naona tu, ndiyo kazi yangu.

Anapiga bismillahi kwa lafudhi ya kwao,
kisha pa!
donge ubaoni. Pa! Vikombe vinaruka,
mtoto wa meza ya pili anasahau kulia.
Donge linakuwa kamba, kamba inakuwa mbili,
mbili nne, nne nane,
halafu hesabu inanitoroka, mimi niliyezoea futi na inchi,
na mikononi mwake kuna nywele za bibi kizee
zinazochanwa na upepo usiokuwepo.
Simu zote juu. Hakuna anayekula.

Tena anafanya lile lililowaleta watu:
donge jingine, alivute liwe utambi mmoja tu,
aurushe juu ya vichwa vyetu, urudi, umzunguke shingo,
uteremke bakulini mzima.
Bakuli letu.
"Ukiukata ni mkosi," anasema Shihabu,
na papo hapo anatuwekea mkasi.

Kwetu utambi ni wa koroboi.
Mama aliusokota kwa pamba, akatukanya tusiupandishe,
moshi utaharibu dari.
Dari ile ndiyo inayovuja.
Dari ile ndiyo Thuwaiba anayotaka iuzwe,
nami nataka, sijui nataka nini.
Nataka aulize.

Nautazama mkasi. Butu, mpini wa plastiki,
hata lesi usingeikata.
Miaka thelathini nakata nguo za watu
na leo mkono haunyanyuki.
Thuwaiba ameshika ncha moja kwa vijiti.
Yangu naitafuta kwa uma, chini ya nyama, chini ya giligilani,
naipata, tunaanza, kila mtu na upande wake,
mbuzi wawili wa kamba moja.

Anafyonza kwa kelele. Mama angemfinya.
Mchuzi unaruka, tone jekundu la pilipili
linatua kwenye shela yake mpya ya Dubai.
"Ole wangu mie!" na Upemba wake wote
unarudi mdomoni kwa mkupuo.
Nacheka hadi utambi unaniponyoka.
Yeye pia anacheka, ila wake hauachii.

"Sabuni ya kipande," nasema, "na maji baridi. Usisugue."
"Utanifulia wewe."
"Nitakufulia."

Riyali saba na baisa mia nne. Hataki nilipe.
Nyuma yetu pa! nyingine,
meza yetu imeshapata watu.

Garini anawasha injini, na hatuondoki.
Anafuta usukani ambao hauna vumbi.
"Ile dari," anasema,
"bado inavuja upande wa jikoni?"
"Hapana," namwambia.
"Sasa ni juu ya kitanda chake."