Jozi

Daftari ni la hesabu, la miraba,
nililinunua kwa ajili ya bili za gesi.
Sasa linasema: Jumatatu, boga. Kimya.
Jumanne, kiini cha yai. Kimya.
Jumatano, supu ya kuku kwa mama mkwe, vijiko viwili.
Saa kumi na nusu, shingo.
Saa kumi na moja, mashavu, nyuma ya magoti,
vipele vimejipanga
kama watu wanaongoja mkate.

Tsotne ana miezi kumi na moja.
Hajui neno "kuwashwa".
Anajua kucha.

Kila mlango wa jengo hili una daktari wake.
Nargiza wa chini anasema ni meno.
Zhuzhuna anasema ni jicho la husuda,
nimpake masizi kwenye paji.
Fundi wa lifti (lifti yenyewe haijapanda tangu Machi)
anasema kwao Khoni watoto wote walikuwa hivyo,
"na nitazame mimi," akajikuna.

Mama mkwe, Lamara, hakusema kitu.
Alipanda basi dogo hadi kijijini
akarudi na majani mabichi ya mjozi kwenye mfuko wa sukari.
Aliyachemsha mpaka maji yakaiva rangi ya chai,
akamkogesha mwanangu taratibu, kiungo kwa kiungo,
alivyokogeshwa yeye,
alivyomkogesha mume wangu.

Usiku ule sikuandika.
Macho ya mtoto yalivimba yakawa mishono miwili.
Teksi, daraja,
mto Rioni huko chini ukipiga kelele zake,
nami nahesabu pumzi: moja, moja, moja.

Daktari Dzidziguri hakuniuliza nimefanya nini.
Aliomba daftari.
Kidole chake kikashuka na safu:
Supu hii, ndani mna nini?
Biringani hizi?
Maharage ya Jumapili?

Jozi. Jozi zilizotwangwa. Jozi.

Sikuwa nimeziandika popote.
Nani huandika maji?
Kutaisi hii jozi haihesabiwi kuwa chakula;
ndiyo inayokifanya chakula kiitwe chakula.

Lamara aliposikia alikaa juu ya pipa la unga.
"Nimemlisha, kisha nikamwogesha humo humo."
Nilikuwa na neno la kumpa: hukujua.
Naungama, sikulitoa.
Nililiweka shavuni siku tatu
nikilinyonya kama pipi.

Ulikuwa msimu wa kumenya.
Vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye vifundo;
rangi ya ganda bichi haisikii sabuni,
haisikii ndimu, haisikii sala.
Daktari alisema doa halidhuru.
Lamara akaitikia kwa kichwa,
akarudisha mikono mgongoni.

Kinu alikisugua kwa maji ya moto na majivu,
akakifunga gazeti, akakipandisha juu ya kabati.
Akapika maharage kwa kitunguu saumu na siki tu.
Akaonja.
"Tope," akasema,
akajiongezea sahani ya pili, huku ananitazama.
Ndipo nikalitema lile neno.
Lilikuwa limekwisha utamu.

Oktoba nzima, jozi pekee nyumbani mwetu
ilikuwa ya mikono yake, nyuma ya kiti, kama ya mfungwa.
Alimwimbia mtoto kwa mbali. Alimpulizia mabusu.
Usiku nilisikia maji ya bomba na brashi ya kufulia.

Kisha mchana mmoja Tsotne aliachia ukingo wa meza.
Hatua.
Hatua.
Ya tatu ilikuwa zaidi kuanguka kuliko kutembea,
na ile mikono ikatoka yenyewe.

Kucha mbili bado zilikuwa nyeusi.
Niliziona. Naye aliniona nikiziona.
Akabaki amemshika, hapumui.

Nilisubiri hadi saa kumi na moja,
nikamvua shati mtoto, nikamgeuza mbele ya dirisha.
Kisha nikachukua kalamu:

Alhamisi. Mikono ya bibi.
Kimya.