Kiputo

Saa kumi na moja kasoro robo, gurudumu la nyuma
lilikata roho hatua kumi kabla ya mlango wa Eudaldo,
kama farasi ajuaye nyumba ya mganga wake.
Mikate arobaini kikapuni, ingali moto.
Filimbi yangu shingoni, kimya.

Alifungua akiwa na fulana na miwani.
Hakuuliza. Akapindua baiskeli, miguu juu,
akachomeka vijiko viwili chini ya ukingo wa tairi,
mpira ukatoka kama utumbo wa mbuzi,
viraka kumi na kimoja, kila kimoja na mwaka wake:
hiki cha kimbunga, hiki cha Nereida kujifungua,
hiki cha bure, sikuwa na hata senti.

Zamani hakuhitaji maji.
Aliujaza upepo, akaupitisha sikioni
polepole, kama mtu anayedukiza mlango wa jirani,
akasema: hapa.
Leo aliupitisha mara mbili.
Akaupitisha jichoni, maana jicho nalo huhisi upepo
pale sikio lilipokwisha kustaafu.
Kisha, bila kunitazama,
akaburuta beseni.

Umeme ulikwenda zake tangu jana. Taa ya mafuta,
maji meusi. Kipande kwa kipande akauzamisha
na mimi nikakiona: kiputo kimoja,
kidogo kuliko punje ya mtama,
kikapanda, kikapasuka. Kikaja kingine.
Eudaldo akakipita.
Akauzungusha mpira mzima, akarudi palepale,
akakipita tena.

Ufa wa ukuta hata mgeni huuona.
Huu wa jicho la fundi nani atauziba,
na kwa gundi ipi?

Nikatia mkono majini. "Nikushikie," nikasema,
"unateleza." Kidole changu cha shahada
kikalala kando ya tundu, kikangoja.
Vidole vyake vikaja vikitambaa, vikagusa changu,
vikasimama.
"Hapa," akasema.
"Hapo," nikasema.

Mwiba wa marabú, mwembamba kama uongo wangu.
Msasa. Kiraka cha mpira wa trekta lililokufa.
Pistoni kuukuu juu yake, spiriti ndani, kiberiti:
moto wa buluu, dakika tano, hatusemi kitu.

Nilimpa mikate miwili. Akarudisha mmoja.
"Ya leo," akasema, "tumefanya nusu kwa nusu."

Nilipofika kona nikapuliza filimbi.
Nyuma yangu, beseni likamwagwa barabarani.