Kaa, Adui wa Kwanza

Kokura, mwaka wa themanini na saba,
ghorofa ya pili, juu ya duka la tofu,
Otsubo Fumiyo alipewa mraba:
nukta kumi na sita kwenda, kumi na sita kushuka,
rangi tatu, na ya nne ni uwazi.
"Tuchoree adui," bosi alisema,
"wa kwanza kabisa, mnyonge,
wa kumfundisha mtoto kuruka.
Na usitumalizie kumbukumbu."

Alijaribu mbwa. Mbwa ana mbele na nyuma,
akigeuka sharti achorwe upya.
Alijaribu jogoo: mkia ukala nafasi yote.
Saa tano usiku, harufu ya soya ikipenya mbao za sakafu,
akamkumbuka kaa,
ambaye kulia kwake ni kushoto kwake kumepinduliwa,
ambaye kwenda na kurudi kwake ni mwendo mmoja.
Akachora nusu ya kaa, ikatosha.
Nusu ya pili ni kioo.

Akamweka kati ya shimo na ukuta,
hatua tisa huku, hatua tisa kule,
mpaka shujaa mwenye ndoo kichwani amshukie mgongoni.
Puf.
Pointi mia.

Katika gemu ya pili walimpaka bluu.
Ya tatu wakampa mabawa, yasimfae.
Ya nne wakamvika taji, wakamwita mfalme,
akafa kwa mapigo matatu badala ya moja.
Ya tano haikuuzika.
Ya sita ilikuja na dunia yenye kina, na vivuli,
vijana wanane wakakesha miezi miwili
wakimhesabia vinyweleo vya miguu,
miguu ambayo Fumiyo aliichora kwa nukta kumi
kabla chai yake haijapoa.
Lakini hatua zilibaki tisa.
Huku tisa. Kule tisa.

Nami ninayelisimulia hili kwa Kiswahili
naona jambo ambalo kwa lugha yake halionekani:
kwamba kaa ni huyu mwenye magando,
na kaa ni lile jekundu ndani ya tanuri kule Yahata
alikofanyia kazi baba yake, Kanjiro, miaka thelathini na moja,
na kaa ni neno unalomwambia mtu
usiyetaka aondoke.
Kanjiro alivunjika nyonga.
Tangu hapo alishuka ngazi za nyumba kwa ubavu,
mkono ukutani,
asubuhi kwenda, jioni kurudi.
Fumiyo hakumfikiria alipochora.
Au ndivyo anavyosema.

Mwaka huu mjukuu wake, Itsuki, amepata ile gemu ya kwanza,
kanda ya kijivu, imepulizwa vumbi, ikakubali.
Shujaa kasimama juu ya tofali, salama.
Chini, kaa yuko kazini.
Kengele ya mlango ikalia. Mtoto akaitupa padi, akakimbia.

Dakika moja ikapita bila mtu kumkanyaga mtu.

Kaa alifika ukingoni mwa shimo. Akasimama.
Akainua gando moja,
akalishusha,
akaliinua tena.

Wahenga wetu wasema kaa akiinua gando, mambo yamekatika.
Fumiyo aliweka miwani.
Alikuwa amesahau: usiku ule, baada ya bosi kulala,
aliiba nafasi kidogo kwenye kumbukumbu,
kipande kisichotosha hata jina lake,
akakificha ndani ya mnyama.
Sharti lake lilikuwa moja tu: mchezaji atulie.
Miaka yote hii, mamilioni ya vidole,
nani angetulia mbele ya pointi mia?

Pale kwenye geti la kiwanda, kabla ya king'ora,
baba aligeuka kila siku kumtafuta binti darajani,
mkono juu mara mbili, kisha moshi.

Itsuki amerudi na kifurushi mkononi.
"Bibi, kwa nini umeishika padi
na huchezi?"
"Ngoja," alisema. "Usiruke kwanza."