Nusu Ndoo

Hapa Newala maji huja kwa zamu.
Yetu ni Jumanne, kabla ukungu haujanyanyuka.
Wenzangu wanajitwika lita ishirini na stori juu yake.
Mimi najaza nusu, napeleka, narudi tena.
"Somoe, unachezea maji?" ananiuliza Mama Chitanda.
Nachezea, dada.
Bega langu la kulia ni mlango usio na komeo.

Nilipokuwa na miaka minane nilikuwa tamasha.
Nilikunja gumba likagusa mkono wa ndani,
nikapinda viwiko upande visikokwenda,
nikapitisha mguu nyuma ya shingo
na wageni wa harusi wakatupa shilingi.
Mjomba Nambenga akasema, "Huyu hana mifupa, huyu mlenda!"
Tukacheka wote, mimi kuwazidi.
Hatukujua kuwa tunakopa.

Deni lilianza kudaiwa kidato cha kwanza:
goti likatoka uwanjani bila kuguswa na mtu,
taya likafyatuka kwa mwayo, katikati ya kipindi cha Hisabati,
vidole vikakataa kalamu.
Hospitali wakapiga picha.
"Safi kabisa," daktari akasema, "mfupa mzima."
Nikarudi nyumbani na bahasha safi
na goti lile lile.

Miaka kumi na tisa ya picha safi.
Nikaolewa nayo, nikazaa nayo.
Mawifi walisema: leo kiuno, kesho kifundo,
maradhi gani haya yanayohama kama mpangaji asiyelipa?
Nami usiku, nikijigeuza taratibu ili nyonga isiniache,
niliwauliza swali hilo hilo, kimoyomoyo.

Mwisho nikateremka hadi Ndanda.
Bwana Millanzi, fundi wa viungo, hakuifungua bahasha.
"Pinda kidole," akasema. "Na hiki. Nyoosha kiwiko. Simama, inama."
Akahesabu kwa penseli.
Nikapata tisa kwa tisa.
Sijawahi kupata alama zote popote, nikataka kushangilia,
badala yake nikalia hadi akanifungulia dirisha.

Akajua mimi fundi cherehani, akaniambia kwa lugha yangu:
"Umeshonwa kwa lastiki, mama, kila mahali, hata pasipotakiwa.
Haibadilishwi. Ila nguo inavaliwa.
Usifike mwisho.
Kiungo kikikwambia bado kuna njia, wewe simama."

Basi nasimama.
Mgongo ukutani, pumzi kumi, kila alfajiri.
Chupa mbili za mchanga, juu, chini, pole,
misuli ijifunze kazi iliyozikataa kano.
Kanga iliyokunjwa katikati ya magoti nikilala.
Mikasi nimeivika mpira wa tairi la baiskeli
ili inene, vidole visiikamate kwa hasira.
Sare tatu kwa siku, si saba.
Ya nne naiona pale mezani, nayo inaniona.

Na bado, Julai, baridi ikitambaa kutoka bondeni,
kuna siku silipati hata kaptura moja.
Nalala mkekani, dawa imeisha nguvu saa tano,
wazazi wanabisha hodi, shule inafunguliwa Jumatatu,
nami nahesabu mabati. Ishirini na mbili.
Hayo siyasemi kwa Mama Chitanda.

Jana Salha alirudi na ubuyu mdomoni.
"Nani kakununulia?"
"Wamenilipa."
Akanionyesha: gumba likashuka, likalala mkononi
taratibu, kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Sauti ilinijaa kooni, nikaimeza.
Nikapiga magoti, lile zima kwanza,
nikalishika gumba, nikalirudisha nusu.
"Hapa," nikasema. "Mwisho wako ni hapa."
"Lakini mama, bado kuna njia."
"Najua. Ipo."

Leo Jumanne amenifuata bombani na kopo la rangi.
Akalijaza hadi mdomoni.
Akanitazama.
Akamwaga kidogo.