Somo la Volkano, Masasi

Kitabu kimoja, wanafunzi arobaini na wanane,
na ukurasa wenye volkano ulishachanwa
na mtu aliyefungia karanga.
Nikawatoa nje, nyuma ya jiko la shule.
Mafiga matatu, bati bovu lenye matundu,
korosho pishi moja, na maganda yake.

Subirini, nikasema.

Ganda likatoka jasho. Mafuta yakafuka, yakatema,
mara ndimi, mara moshi mweusi unaochoma macho.
Rudini nyuma! Ndiyo hiyo.
Sasa liondoeni jiko, iondoeni shule,
wekeni jangwa: nchi isiyo na jani
hata la kumdanganyia mbuzi.
Humo, vilima vya majivu, kimoja na kingine na kingine,
vimebonyea utosini
kama vitumbua vilivyotolewa kabla ya kuiva.
Humo, mashimo mapana: moto ulikutana na maji chini kwa chini,
wakagombana mara moja tu,
ugomvi ukaacha bakuli, na chumvi kwenye kingo.
Humo, mto wa mawe uliotiririka kama uji,
ukaganda juu, na tumbo lake likaendelea na safari,
ndiyo maana leo popo wana ukumbi.

Chikawe akauliza, nani anaishi huko?
Upepo, nikasema.
Akaandika: Upepo. Akapigia mstari.

Somoe akanyoosha kidole chenye doa la utomvu
kuelekea Mkomaindo.
Na huu wetu, mwalimu, ulilipuka lini?

Haukulipuka.
Ulipikwa kilindini, ukabanwa, ukakunjwa kama mkeka,
haukupata kinywa.
Mvua ndiyo iliyokuja kuufunua,
punje ya udongo baada ya punje,
miaka isiyo na mtu wa kuihesabu.
Hayo yote nilikuwa nayo. Nikasema tu:
Huu ulinyamaza.

Akautazama.
Kwa hiyo bado unayo yote?

Mtaala hauna jibu la hapo.
Tukabangua korosho, midomo ikawa myeusi,
kengele ikalia, nikasahau kutoa zoezi.

Ijumaa nasahihisha madaftari.
Chini ya kichwa cha habari, *Sura za Nchi ya Volkano*,
Somoe amechora mlima wetu,
hauna shimo, hauna moshi,
na mshale mdogo umeandikwa: *ndani*.

Nikaweka vema.
Nikafuta.
Nikaweka tena.